Tartaros, Amazon, Pegasos: je, Wagiriki walikopa maneno haya kwa Waturuki?

Mtoa mada

Wakuu, salaam.

Mdogo wangu yuko Uturuki masomoni, mwaka wa tatu sasa. Wiki iliyopita alinirushia video ya bwana mmoja anayedai kwamba Tartaros, lile shimo la giza la hadithi za Wagiriki wa kale, ni neno la Kituruki. Hoja yenyewe fupi: Tartaros ni Tatar, Watatari ni jamii moja na Waturuki, basi Wagiriki walilichukua huko. Dogo ameshakubali kabisa. Ananiambia, "Kaka, sikiliza mwenyewe, si yanafanana?"

Yanafanana, sikatai. Ila mimi asili za maneno nazipenda tangu shule na sikutaka kumjibu kwa mkato. Nimeona niyalete hapa kwa sababu madai ya namna hii yanasambaa sana, na vijana wetu wanayameza bila kutafuna.

Tuanze na neno lenyewe. Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, analitaja katika Iliadi, shairi lake la vita vya Troya, kitabu cha 8. Zeus, mkuu wa miungu, anawaonya miungu wenzake kwamba atakayekaidi amri yake atatupwa Tartaros, penye malango ya chuma na kizingiti cha shaba, chini ya Hades (kuzimu kwa wafu) kwa umbali uleule ambao mbingu iko juu ya ardhi. Hesiod, mshairi mwingine wa Kigiriki, naye katika Theogonia, shairi lake la asili ya miungu, anaupima umbali huo kwa namna ambayo sijawahi kuisahau tangu niisome: fuawe la shaba likidondoka kutoka mbinguni litaanguka siku 9, usiku na mchana, na kugusa ardhi siku ya 10, kisha kutoka ardhini litaanguka siku 9 nyingine ndipo lifike Tartaros. Huko ndiko walikofungwa Matitani, miungu waliotangulia kizazi cha Zeus, baada ya kushindwa vita. Mashairi haya huwekwa kati ya karne ya 8 na ya 7 kabla ya Kristo.

Wasomaji wa Biblia mmeshapita juu ya neno hili bila kujua. Katika 2 Petro 2:4, Kigiriki kinatumia kitenzi kilichoundwa kutokana na Tartaros, yaani "kutupa Tartaros". Kwenye tafsiri yetu tunasoma kwamba malaika waliokosa walitupwa shimoni.

Sasa Tatar. Miongoni mwa maandishi marefu ya kale zaidi ya Kituruki tuliyonayo ni yale yaliyochongwa kwenye mawe katika bonde la mto Orkhon, Mongolia ya leo. Jiwe la Kül Tigin ni la mwaka 732, la kaka yake Bilge Kağan ni la 735. Herufi zake hazikusomeka kwa mtu yeyote mpaka Mdenmark Vilhelm Thomsen alipozifumbua mwaka 1893. Na jina Tatar limo humo waziwazi. Wanatajwa Otuz Tatar, maana yake Watatari Thelathini, miongoni mwa mataifa yaliyokuja kuomboleza wakuu wa kale wa Waturuki. Ni jina la watu waliokuja msibani. Hakuna shimo wala jehanamu hapo.

Kutoka Hesiod hadi jiwe la Kül Tigin ni miaka kama 1,400. Na Waturuki walianza kumiminika Anatolia, yaani ardhi ya Uturuki ya leo, baada ya vita vya Malazgirt, mwaka 1071. Kufikia siku hiyo mashairi ya Homer yalikuwa yameimbwa na kusomwa kwa zaidi ya miaka 1,700.

Lakini kuna jambo ambalo bwana wa video hakuligusa, na kwangu ndilo tamu kuliko yote. Maneno haya mawili yalikutana kweli, ila mkopo ulikwenda upande wa pili.

Watatari walikuwa majirani na mahasimu wa Wamongolia. Mwaka 1202 Genghis Khan aliwashinda na kuwateketeza karibu kabisa, lakini jina lao halikufa nao. Mataifa ya nje yaliendelea kuwaita Wamongolia wote kwa jina hilo. Mwaka 1241 majeshi ya Wamongolia yakaingia Ulaya ya kati: tarehe 9 Aprili waliwapiga Wapoland na wenzao pale Legnica, na siku mbili baadaye, tarehe 11, wakalivunja jeshi la Hungaria pale Mohi. Watu wa Ulaya hawakujua wanyama gani hawa wametokea wapi. Wasomi wao walijua Kilatini, na katika Kilatini lilikuwamo neno la Kigiriki, Tartarus. Wakasikia "Tatar", masikio yao yakasikia "Tartar". Mtawa Matthew Paris wa St Albans, Uingereza, aliandika kwamba watu hawa wamemiminika kama mashetani waliofunguliwa kutoka Tartarus. Mfalme Louis IX wa Ufaransa anasimuliwa kumwambia mama yake kwamba ama wao watawarudisha Watartari Tartarus walikotoka, ama Watartari watawapeleka wao mbinguni.

Hiyo "r" ya katikati ndiyo ushahidi wote. Kwenye mawe ya Orkhon haimo. Watatari wenyewe hadi leo, kule Kazan na Crimea, hujiita Tatar. "r" iliongezwa na Wazungu wenye hofu na Kilatini kichwani, na ikadumu kwenye ramani zao kwa karne nyingi kama "Tartaria", jina la sehemu kubwa ya Asia. Kwa hiyo Wagiriki hawakuchukua kitu kwa Watatari. Watatari ndio waliobandikwa jina la shimo la Wagiriki.

Karibuni kwa michango.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu uzi umetulia. Ila nina swali la haki. Kutoandikwa si kutokuwepo. Kiswahili nacho kilizungumzwa mamia ya miaka kabla ya mtu kukiandika. Sasa kusema Kituruki kinaanza mwaka 732 kwa sababu ndipo lilipochongwa jiwe, si ndiyo hoja ileile waliyotumia wakoloni kwetu?

Mtoa mada

Mkuu, umeuliza swali zuri kuliko yote na nakubaliana nawe kwa msingi wake. Kituruki hakikuzaliwa siku jiwe lilipochongwa.

Lakini hebu tujiulize sisi tunajuaje kwamba Kiswahili ni cha kale. Kwanza, wageni waliandika. Al-Masudi, msafiri na mwandishi Mwarabu aliyefariki mwaka 956, alifika pwani hii na kuandika kwamba mfalme wa Wazanji huitwa "waflimi", na yeyote mwenye Kiswahili kidogo anasikia "wafalme" humo. Pili, tunakilinganisha na ndugu zake. Ukiweka Kiswahili, Kigiryama, Kizigula na Kikomoro pamoja, sauti zinajibizana kwa kanuni, na kwa kanuni hizo unaweza kurudi nyuma hadi lugha mama ambayo hakuna aliyeiandika. Hatukudai ukale kwa kufananisha neno moja na jingine.

Waturuki nao wana ndugu: Kiazeri, Kiturkmeni, Kikazaki, Kiyakuti, na Kichuvashi ambacho kilijitenga mapema sana. Ukiwalinganisha unaweza kurudi nyuma ya mwaka 732, na wataalamu wamefanya hivyo. Picha inayotoka ni ya wafugaji wa nyika za Asia ya ndani, mbali sana na bahari ya Homer. Na lugha hiyo mama ina tabia zake za sauti. Mojawapo: maneno yake ya asili hayaanzi na "r" wala "l". Kwa hiyo mtu akikuletea Rhea au Leto, majina ya miungu wa kike wa Kigiriki, kwamba ni Kituruki cha kale, msimamishe hapohapo mlangoni.

Tartaros haianzi na "r", najua. Mtu anaweza hata kunionyesha kwamba katika Kituruki cha kale "tar" ni finyu, ambayo leo wanaitamka "dar", kisha aseme tar-tar ni mahali pafinyu sana. Inavutia. Ila Tartaros ya Hesiod si finyu hata kidogo. Anaieleza kama ufa mpana ambao mtu akiingia malangoni mwake hatafika chini hata mwaka mzima ukiisha, akipeperushwa na tufani huku na huko. Maana imegoma.

Na kuhusu kufanana: silabi mbili zinazorudiwa hupatikana kila lugha. Sisi tuna polepole, Wagiriki wana barbaros. Nimpe mdogo wangu mfano ambao anauishi kila siku huko aliko. Kwa Kituruki baba ni "baba". Kwa Kiswahili baba ni baba. Sauti ileile, maana ileile, na hakuna aliyemkopa mwenzake. Ni mdomo wa mtoto mchanga, ambao huanza na sauti za midomo popote duniani, na wazazi hujipatia majina humo. Wageorgia, majirani wa Waturuki, wao baba humwita "mama" na mama humwita "deda". Ikiwa neno linaloafikiana sauti na maana kwa asilimia mia linaweza kuwa bahati tu, basi Tatar na Tartaros, ambayo hata maana haziafikiani, zina hali gani?

Mchangiaji wa pili

Nimewahi kusikia na Amazon nayo ni ya kwao. Ati ni "ama uzun". Mtoa mada hebu tiririka na hiyo.

Mtoa mada

Hiyo husimuliwa sana Uturuki, wengine kama kichekesho, wengine kwa dhati. "Uzun" ni ndefu, "ama" ni lakini au kitia mkazo, basi mtu aliuona mto akashangaa: "Ama uzun!", lo, mrefu huo!

Tuifuate taratibu kwa sababu inafundisha. Mto huo ulipata jina hilo baada ya safari ya Mhispania Francisco de Orellana, mwaka 1541 hadi 1542. Padre Gaspar de Carvajal aliyekuwa naye aliandika kwamba walipigana na wanawake mashujaa kandokando ya mto, na Wahispania wakawakumbuka wale Amazones wa hadithi za Kigiriki. Kwa hiyo jina la mto ni jipya na limetokana na hadithi. Urefu wa mto hauhusiki kabisa. Neno lenyewe limo katika Iliadi, linatumika kwa wanawake "walio sawa na wanaume", na hakuna mto mrefu hapo.

Halafu litazameni hilo "ama". Ni neno la Kiarabu! Liliingia Kituruki kama lilivyoingia kwetu, na kila siku tunasema "ama kweli". Waturuki walianza kuchukua maneno ya Kiarabu waliposilimu, jambo lililoshika kasi karne ya 10. Ili Homer alipate, ingebidi Waturuki wakope neno la Kiarabu miaka 1,600 au zaidi kabla ya kukutana na Uislamu.

Asili hasa ya Amazon haijafungwa. Wagiriki wenyewe walisema ni a-mazos, wasio na titi, wakatunga na kisa cha kujikata titi ili wavute upinde vizuri. Hiyo ni tafsiri ya kienyeji ya kulilazimisha neno geni liwe na maana nyumbani. Wapo wanaolifuata hadi lugha za Kiirani, kwa wapanda farasi wa nyikani, na mimi naiona njia hiyo ina mwelekeo, kwa sababu wapanda farasi hao walikuwepo kweli kaskazini ya Bahari Nyeusi wakati Wagiriki wanafika huko.

Niseme na neno la haki kwa Waturuki. Madai haya yana historia yake na si ujinga. Mwaka 1932 Atatürk, mwanzilishi wa jamhuri ya Uturuki, alianzisha chombo cha kusafisha lugha, na maneno ya Kiarabu na Kiajemi yakaanza kutupwa kwa maelfu. Mageuzi yalikwenda mbali hadi watu wakashindwa kuelewana kwenye magazeti. Mwaka 1935 ikafika Ankara karatasi ya Hermann Kvergić wa Vienna, na kutoka hapo ikajengwa Nadharia ya Jua na Lugha: kwamba mtu wa kwanza aliyetazama jua akatoa sauti "ağ", na kutoka sauti hiyo ya Kituruki zikazaliwa lugha zote duniani. Mwaka 1936 ilitangazwa kwenye kongamano la lugha huko Istanbul mbele ya wataalamu wa nje. Faida yake ya nyumbani ilikuwa moja: ikiwa maneno yote yametoka Kituruki, basi hayo ya Kiarabu na Kiajemi hayana haja ya kufukuzwa. Atatürk alifariki Novemba 1938 na nadharia ikaachwa. Lakini hamu yake ilibaki. Watu waliokuwa wakiambiwa na Ulaya kwamba ni wavamizi wasio na ustaarabu walitaka kusikia kwamba wao ndio chanzo. Mtu wa Afrika anaielewa hamu hiyo bila kuelezwa.

Mchangiaji wa tatu

Kwa hiyo msimamo wako ni kwamba hakuna chochote cha Wagiriki kilichotoka Uturuki? Mbona Troya iko Uturuki?

Mtoa mada

Hapana mkuu, na hapa ndipo penye kiini. Nchi ni kitu kimoja na lugha ni kitu kingine. Vingi mno vilitoka katika ardhi ambayo leo ni Uturuki, ila havikutoka katika Kituruki, kwa sababu lugha za ardhi hiyo wakati huo zilikuwa nyingine: Kihiti, Kiluwi, Kilisia, Kilidia, Kifrigia.

Chukueni Pegasos, farasi mwenye mabawa. Hesiod anasema aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa kwenye "pegai", chemchemi za Okeanos. Lakini mistari michache mbele, Hesiod huyohuyo anasema Pegasos anaishi kwa Zeus na kazi yake ni kumbebea ngurumo na umeme. Farasi wa chemchemi anabebaje umeme?

Mwaka 1906 wachimbaji walianza kufukua mabamba ya udongo huko Boğazköy, mji mkuu wa kale wa Wahiti, kwa maelfu. Mwaka 1915 msomi Bedřich Hrozný akaifumbua lugha ya mabamba hayo. Na humo akatokea mungu wa tufani mwenye sifa ya Kiluwi, "pihassassi", maana yake wa umeme, mungu aliyetukuzwa sana na mfalme Muwatalli II, karne ya 13 kabla ya Kristo. Wekeni pembeni: pihassassi, Pegasos. Sauti zinakaribiana, maana ni umeme pande zote mbili, na umri unaruhusu kwa sababu Wahiti wametangulia.

Njia pia ipo. Hadithi inasema shujaa Bellerophon alimpanda Pegasos akaenda kumuua Khimaira, jini la kutema moto, na mahali penyewe ni Lisia, kusini-magharibi ya Uturuki ya leo. Kilisia ni jamaa wa Kiluwi. Na moto upo hadi leo! Karibu na Çıralı kuna mlima Yanartaş, jina lake likiwa "jiwe linalowaka", ambako gesi hutoka mwambani na kuwaka mchana na usiku. Nimemwambia mdogo wangu akipata likizo aende akapaone. Hoja hii ya Pegasos wapo wasioikubali, wakitaja irabu ya kwanza na mwisho wa neno. Ila ni hoja yenye miguu yote: sauti, maana, tarehe, njia.

Kuna na jambo la Tepegöz, nilitaje kwa haraka. Katika masimulizi ya Dede Korkut ya Waturuki wa Oghuz kuna jitu lenye jicho moja, Tepegöz, "jicho la utosini". Shujaa Basat analitoboa jicho kwa chuma cha moto na kutoroka pangoni akiwa amejificha ndani ya ngozi ya kondoo. Aliyesoma kwa Homer kisa cha Odiseo na Kiklopsi, jitu lenye jicho moja, ameshashtuka. Heinrich Friedrich von Diez alililinganisha hilo tangu mwaka 1815. Lakini hapo kilichofanana ni kisa. Majina hayafanani: Kiklopsi ni "jicho duara" kwa Kigiriki chake chenyewe. Visa husafiri bila maneno.

Mchangiaji wa nne

Swali la mwisho mkuu. Kuna neno lolote ambalo Wagiriki na Waturuki walipeana kweli na ushahidi ukawepo?

Mtoa mada

Lipo, na umelisema mwenyewe mara nyingi: afande.

Kigiriki cha kale kilikuwa na "authentes", mtu atendaye kwa mkono wake mwenyewe. Mwanzoni lilitumika hata kwa muuaji, baadaye likawa mtu mwenye mamlaka, bwana. Katika kinywa cha Wagiriki wa Bizanti, dola iliyotawala Anatolia kabla ya Waturuki, likalainika kuwa "afendis". Waturuki walipokaa nao Anatolia wakalichukua: "efendi", cheo cha msomi na ofisa. Dola ya Osmani ikalipeleka Misri, Misri ikalipeleka Sudan ndani ya jeshi. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann Wissmann aliajiri askari wa Kisudani kutoka Misri kuja kupigana na Abushiri pwani ya Tanganyika, na vyeo vya Kituruki vikaja navyo: efendi, "shaushi" kutoka çavuş, "ombasha" kutoka onbaşı, ambapo "on" ni kumi na "baş" ni kichwa, mkuu wa watu kumi. Mlango wa pili ulikuwa Uganda, ambako Mwingereza Lugard mwaka 1891 aliwachukua Wasudani walioachwa na Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri kusini mwa Sudan. Vizazi vyao ndio Wanubi wa Bombo na Kibera.

Tazameni tofauti na ile video. Kila kituo kina tarehe, kina watu, kina sababu ya neno kuhama.

Jana usiku nilimpigia dogo nimweleze haya yote. Akaniambia kwamba mwenye nyumba wake, kila simu ikiita, hupokea kwa neno moja: "Efendim?", yaani bwana wangu. Miaka mitatu amelisikia kila siku kupitia ukutani, na baba yetu alikuwa polisi.

Wenye wazee waliotumikia KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki) au polisi ya zamani, tuleteeni vyeo walivyokuwa wakivitaja. Ombasha na shaushi ninavyo. Natafuta vingine.